Siku Niliyomfanyia Kazi Wakili Tuliyemfuta

Ningependa kuanza kwa kusema kwamba sikufanya makusudi, lakini hata Mama aliyenizaa hakuamini, kwa hivyo sitarajii wewe uamini. Naandika tu kwa sababu hadithi imeshazunguka ploti nzima hapa Kiganjo na kila anayeisimulia anaongeza kitu chake (mwenye kioski anasema ati nilipatikana nimejificha chini ya meza, uongo mtupu, nilikuwa nimesimama), na mimi, vile mnavyonijua, siwezi kusimama mbele ya watu nikasema, "Ngojeni, haikuwa hivyo." Mimi ndiye yule wa Fomu Tatu ambaye mwalimu akiita majina asubuhi naitikia polepole mpaka naandikwa sikuja, na dawati langu liko mbele kabisa. Kumbuka hilo, kwa sababu aibu yote ilitokana na huko kushindwa kusema.

Kwanza mambo ya wakili. Mama anauza viazi na karoti sokoni, na mwaka jana pikapu ya kupeleka mikate ilirudi nyuma dereva akiwa anaongea na simu, ikamgonga na kumvunja mguu. Akawekwa chuma. Daktari alisema chuma hicho lazima kitolewe, na pesa ya kukitoa tulikuwa tunaingojea kwa kesi, kwa sababu viazi haviwezi kulipa hospitali. Kesi akapewa wakili mmoja wa hapa Thika, mwenye ofisi juu ya duka la dawa za mifugo, na sitamtaja jina, tumwite Wakili wa Kwanza. Mwanzoni alikuwa na maneno matamu: "Mama, hii kesi ni yako, nenda ulale usingizi." Mama akalala usingizi. Alipoamka, wakili alikuwa ameacha kushika simu. Kila akipiga anaambiwa yuko kortini, asubuhi kortini, jioni kortini, hata Jumapili moja akaambiwa kortini (Mama akauliza kama siku hizi na korti ina ibada). Mwishowe akachoka, akamfuta kazi, akapata Wakili wa Pili, Madam Kerubo wa Ruiru, mama ambaye hushika simu hata akiwa anatafuna.

Kumbe kumfuta wakili si kama kumfuta kibarua wa kulima. Wakili wa Kwanza alisema sawa, nendeni salama, lakini faili inabaki kwangu mpaka nilipwe ada yangu. Akataja ada. Mama aliposikia alikaa chini hapo hapo, na mguu wenyewe haukunjiki. Na ndani ya faili kulikuwa na kila kitu, ripoti ya polisi, picha za eksirei, karatasi za hospitali, na kesi ilikuwa inasikizwa wiki iliyofuata. Bila faili hiyo, Madam Kerubo alisema, angesimama mbele ya hakimu mikono mitupu, na watu wa bima ya ile pikapu wangerudi kwao wakicheka.

Lakini alikuwa na njia. Aliandika barua ya kumwahidi Wakili wa Kwanza kwamba fidia ikitoka, ada yake, ile watakayoelewana au ile korti itakayokadiria, itatolewa kwanza kabla Mama hajagusa hata shilingi. Mawakili huiheshimu sana ahadi ya namna hiyo, akasema, huyo wa Kwanza akiipokea ataachilia faili. Kazi yangu ilikuwa ndogo mpaka inachekesha: nipeleke barua asubuhi, nakala yake igongwe muhuri kwamba imepokelewa, nishuke ngazi, ningoje nje. Mama na Anko Njogu wangepitia kwanza Ruiru kuweka sahihi karatasi za kubadilisha wakili, halafu waje wachukue faili. (Anko Njogu ni kaka yake Mama, na ndiye msemaji wa ukoo wetu kwenye ruracio, mambo ya mahari. Mama aliona mtu anayeweza kupunguza mbuzi hawezi kushindwa kupunguza ada.)

"Na usiende kwa ofisi ya watu ukiwa umevaa kama unaenda posho mill kusaga mahindi," Mama akaniambia, na hapo ndipo nikavalishwa blausi nyeupe na koti jeusi la shangazi yangu, Tata Nyokabi, ambalo kitufe chake kimoja Mama alikishona na uzi wa kahawia kwa sababu mweusi ulikuwa umeisha. Nilijiangalia kwa kioo nikaona mtu wa miaka ishirini na kitu. Nilijipenda kidogo. Hilo nalo ni kosa, lakini si lile kubwa.

Kosa kubwa lilikuwa la kichwa. Njia nzima nilikuwa narudiarudia sentensi yangu, "Habari ya asubuhi, nimeleta barua kutoka kwa Madam Kerubo, naomba mnigongee muhuri kwa nakala," nikaishika kama mtihani wa mdomo. Nikapanda ngazi. Kwa meza ya mbele alikuwa ameketi mama mmoja mnene mwenye miwani ya kamba, simu mbili zinalia, na kabla sijafungua mdomo akaniangalia kuanzia viatu mpaka kola, uso ukachanua.

"Aki Yesu ni mwema! Wewe ndiye yule msichana wa atachimenti, wa kuja kujifunza kazi, kutoka kolegi?"

Jibu lilikuwa "hapana." Neno moja. Hata mtoto wa nasari analijua. Lakini alikuwa amefurahi sana, na watu kwa benchi walikuwa wameinua macho kuniangalia, na mimi nikiangaliwa na zaidi ya mtu mmoja, shingo yangu huanza kufanya kazi bila mimi. Nikaitikia kwa kichwa.

"Tumekungoja mpaka tukachoka! Mimi ni Madam Eunice. Leta hiyo begi." Akaichukua, na barua ndani, na simu yangu ndani, akaitia kwa kabati, akafunga na ufunguo, ufunguo akautia mahali ambapo wamama hutia pesa. "Hapa vitu hupotea. Unajua kutengeneza chai?"

Nikaitikia tena. (Hiyo angalau ilikuwa kweli.)

Sasa wewe utasema, si ungemwambia tu? Nilijaribu! Nilitengeneza chai nikiwa na sentensi mpya kichwani, "Samahani Madam, kumekuwa na makosa," nikarudi nayo mdomoni, nikamkuta anagombana na mtu wa maji. Nikatoa fotokopi nikiingoja nafasi. Nikapanga mafaili kwa alfabeti, na la Mama nililiona kwa rafu ya juu, nene, limefungwa kamba ya rangi ya waridi, jina lake limeandikwa kwa kalamu nzito, nikalitazama vile unavyotazama jamaa yako kupitia dirisha la hospitali. Kila nilipopata ujasiri, ilikuwa imechelewa zaidi, na kila ilipochelewa, kusema kulionekana vibaya zaidi. Mtu aliyekosea dakika moja ni mtu aliyekosea. Mtu ambaye ameshapiga deki ni mwizi wa kazi.

Halafu Madam Eunice akaamua nifundishwe simu.

"Ni rahisi. Mtu akiuliza wakili, sema yuko kortini."

Nikaangalia mlango wa ndani, uliokuwa wazi kidogo. Wakili alikuwa hapo, ameketi, shati safi kabisa, anakula mandazi ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimempelekea.

"Kortini," nikasema.

"Eeh. Umeshika haraka, mami."

Simu ya kwanza ikalia. Nikainua. "Halo, ofisi ya wakili," nikasema kwa sauti nyembamba ambayo hata mimi sikuijua.

"Habari ya asubuhi, madam. Ni Mama Wairimu, yule wa mguu. Wakili yuko?"

Sitaweza kueleza. Madam Eunice alikuwa amesimama karibu, mikono kiunoni, ananitahini.

"Yuko kortini," nikamwambia mama yangu mzazi.

Nikasikia akipumua vile yeye hupumua akihesabu mpaka kumi. "Sawa. Tutamngojea hapo hapo mpaka atoke. Na barua yetu, imefika? Nimemtuma binti yangu tangu asubuhi na simu yake haishikwi."

Nikafikiria kabati. "Imefika," nikasema. (Ilikuwa imefika. Ilikuwa hatua tatu kutoka nilipokuwa.)

"Oh, asante sana. Aki wewe unaongea vizuri. Huyu wangu angekuwa anaongea na watu hivi, mimi ningepumzika."

Akakata. Nikaweka simu chini taratibu kama yai.

Baada ya hapo nilikuwa na mpango mmoja tu, kuomba ufunguo nikisema nina dawa kwa begi, nichukue barua, niitie kwa meza ya wakili, nitoroke. Nilikuwa nimefika nusu ya sentensi wakati ngazi zilipoanza kulia: tok, tok, fimbo ya Mama, na nyuma yake viatu vya Anko Njogu, na sauti nyingine ya chupa zikigongana. Anko alikuwa amekuja na kreti ya soda. Alikuwa amevaa kofia yake ya ruracio, ile yenye unyoya. Kwa Anko, mtu haendi kuomba kitu kwa nyumba ya watu mikono mitupu, na hakuna mtu alikuwa amemwambia ofisi si nyumba.

Niliingia jikoni mwa ofisi kama panya. Kwa droo kulikuwa na barakoa zilizobaki za wakati wa korona, nikavaa moja, na Madam Eunice alipokuja nikamwambia nina homa. Ndiyo sentensi ya kwanza ndefu niliyosema siku hiyo, na ilikuwa ya uongo.

"Pole. Peleka chai huko ndani, wageni ni watatu na wakili." Watatu? Kumbe alikuwa amehesabu kofia ya Anko, iliyokuwa imewekewa kiti chake. "Na ukae huko uandike vile watakavyosema, wakili anataka uzoee."

Kwa hivyo ndivyo nilivyojipata, daftari kwa goti, kwa kiti kando ya Wakili wa Kwanza, upande wake wa meza, natazamana na mama yangu. Aliniangalia mara moja akasema, "Habari yako, madam," kwa heshima, na mimi nikaitikia kwa kichwa.

Anko Njogu akasimama. Akasafisha koo.

"Wakili, sisi ni watu wa amani. Mwaka jana tulikuletea msichana wetu. Alikuwa mzuri, hana doa. Ukasema utamtunza."

Wakili akageuka kuniangalia mimi. Nilikaribia kufa.

"Msichana gani, mzee?"

"Kesi! Kesi yetu! Sasa tumesikia msichana analala njaa, simu hashikiwi, kortini hapelekwi. Tumekuja kumchukua arudi nyumbani. Na kwetu, mtu akishindwa kutunza, hasimami mlangoni akidai mbuzi zaidi. Wairimu, andi—" Akasimama. Alikuwa amezoea kwamba kwenye ruracio mimi ndiye huandika. Akatikisa kichwa. "Samahani. Madam, andika hivyo."

Nikaandika. Neno "mbuzi" likatoka kama mchoro wa mbuzi.

Wakili alifuta mandazi kwa kidevu, na lazima niseme ukweli, hakuwa mtu mbaya. "Mzee, hii si ruracio, ni ada. Kesi ni nani aliifungua? Ripoti ya daktari ni nani aliilipia? Ni mimi, kutoka kwa mfuko huu. Niachilie faili hivi hivi, nibaki na nini, shukrani?"

"Na simu?" Mama akasema. Hakuwa ameinua sauti. "Mimi singekufuta kwa sababu ya pesa. Mguu wangu ulikuwa unauma, nikitaka tu kuambiwa kesi iko wapi. Kwa nini hukushika simu?"

Wakili akatazama kikombe chake. "Ilikuwa imeahirishwa mara mbili. Sikuwa na habari njema ya kukupa. Kila siku nikasema nitapiga kesho, nikiwa na jambo la kusema. Halafu ikachelewa, ikawa hata kupiga ni aibu."

Hapo, nyuma ya barakoa yangu, nilimwelewa huyo mtu kuliko mtu yeyote Thika nzima.

"Lakini hata sasa," akaendelea, "mimi sina ubaya. Naomba kitu kimoja. Wakili wenu mpya aniandikie kwamba ada yangu italindwa. Nikipata hiyo barua saa hii, faili mnabeba saa hii."

Mama akashangaa. "Si ilishafika?"

"Barua gani?"

"Nimeambiwa imefika! Nimepiga simu, msichana wako akaniambia kwa mdomo wake."

"Msichana gani?"

Na wote wakageuka. Wakili, Mama, Anko, nahisi hata kofia. Mimi nikafanya kile ambacho mtu mwenye akili angefanya, nikainuka kukusanya vikombe. Trei ikaanza kulia chilichilichili kwa mikono yangu, Mama akaiangalia trei, akaiangalia mikono, macho yakapanda mpaka kwa koti, yakafika kwa kitufe chenye uzi wa kahawia, yakasimama hapo.

Wakati huo huo mlango ukafunguliwa, Madam Eunice akaingiza kichwa. "Samahani wakili, kuna msichana mwingine hapa anasema ati ndiye wa atachimenti. Ana barua ya kolegi." Akaniangalia. "Sasa wewe ni wa nani?"

"Ni wangu," Mama akasema.

Sauti ilikuwa ya chini. Halafu ikapanda. "WAIRIMU! Toa hicho kitambaa kwa uso!"

Nikatoa. Kwa benchi la nje watu walikuwa wamesimama ili waone vizuri, na yule msichana wa kolegi alikuwa ananichungulia juu ya bega la Madam Eunice, amevaa blausi nyeupe na koti jeusi kama mimi, vitufe vyote vimekamilika.

"Kwa hivyo ni wewe uliniambia yuko kortini?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"MDOMO, Wairimu!"

"Ndiyo, Mama. Na barua iko kwa kabati." Machozi yalikuwa yameanza, na maneno nayo yakaja yote pamoja, kama maji ya mfereji uliokuwa umekatwa wiki nzima: "Walidhani ni mimi wa atachimenti, na nikashindwa kusema, na begi likafungiwa, na nimepiga deki, na hiyo chai ni mimi, na mandazi ni mimi, na faili yako nimeiona, iko rafu ya juu, haina hata vumbi kwa sababu nimeipanguza, nisamehe."

Madam Eunice akatoa ufunguo pale mahali pake, akaenda. Wakili alikuwa amejiziba mdomo, mabega yanacheka. Ni Anko Njogu aliyepata sauti kwanza, na akafanya kile alichozaliwa kufanya.

"Ngojeni. Huyu mtoto ameanza kazi saa ngapi?"

"Tangu tufungue," Madam Eunice akajibu akirudi na begi.

"Amepiga deki. Ametoa fotokopi. Amepika chai." Anko akavaa kofia yake. "Wakili, naona na sisi tuna ada. Yake itolewe kwanza, kabla hujagusa yako."

Wakili akacheka mpaka akatoa miwani. Alisoma barua ya Madam Kerubo mara mbili, akasoma tena mahali pa ahadi. Akasema ada yenyewe bado watabishana, Madam Kerubo na yeye, na wakishindwana korti ikadirie, lakini pesa za fotokopi ameziondoa. "Na muhuri wa kupokea," akaongeza, akinisukumia kile kimuhuri na kidau cha wino, "ugonge wewe. Si wewe ndiye mfanyakazi?"

Mbele ya watu wote hao, nikajipokelea barua yangu mwenyewe. Niligonga kwa nguvu mpaka soda za Anko zikalia.

Faili nilibeba mimi mpaka chini. Mama alishuka ngazi moja moja akinishika bega, na nilikuwa nangojea nigombezwe, lakini alipofika chini alisimama kupumzisha mguu, akasema tu, "Ile sauti ya simu. Kumbe unayo." Hakusema kitu kingine mpaka nyumbani. Kwa ploti ndiko alikosema, na akasema yote.

Kesi ilisikizwa. Madam Kerubo alisimama na eksirei mkononi, watu wa bima hawakucheka. Haijaisha, chuma bado kiko mguuni, lakini wanaongea kulipa, na Mama sasa anauliza daktari tarehe, si kama itawezekana. Mimi nimeapa kwa hili daftari: kichwa changu hakitajibu swali lolote tena kabla mdomo haujaambiwa.

Jana kiapo kilijaribiwa. Simu ya Mama ililia akiwa anaoga, nikashika, na alikuwa Madam Eunice. Ati yule msichana wa kolegi hajui kutengeneza chai, na likizo bado haijaisha, je, siwezi kurudi kuwasaidia?

Nikaitikia kwa kichwa. Nikaitikia vizuri sana, mara mbili, kabla ya kukumbuka kwamba ile ni simu na hakuna aliyeniona.

"Halo? Mami, uko?"

"Hapana," nikasema. Ilitoka kwa sauti kubwa mpaka jirani akazima redio. "Yaani niko, Madam Eunice. Lakini hapana. Asante."